Foleni ya Visu vya Orlando: Uchambuzi wa Uraibu Uliogeuka Biashara

Mwaka 1953, Mmarekani mmoja aitwaye Robert Loveless, baharia wa meli za biashara, aliingia katika duka la Abercrombie & Fitch mjini New York akitaka kununua kisu. Enzi hizo duka hilo lilikuwa la wawindaji, wavuvi na wasafiri wa porini, wala halikuwa duka la nguo za vijana kama wengi wanavyolijua leo. Kisu alichokitaka kilitengenezwa Orlando, Florida, na Walter Doane Randall, ambaye watu walimwita Bo. Akaambiwa kwamba kisu hicho hakipo na kwamba akiagiza itambidi asubiri miezi tisa. Loveless hakuagiza. Alikwenda kwenye uwanja wa magari mabovu huko Newark, katika jimbo jirani la New Jersey, akapata chuma cha gari aina ya Packard la mwaka 1937, akakipasha moto kwenye jiko la mafuta la melini, akajitengenezea kisu chake mwenyewe. Mhunzi wa Gikomba anayefua panga kutokana na springi za Land Rover hataona ajabu yoyote katika sehemu hiyo ya masimulizi.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama mwanzo wa Loveless, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa mafundi wa visu wenye jina kubwa kabisa nchini Marekani. Mimi nakisoma kwa upande wa pili wa kaunta. Randall, mtu ambaye miaka 17 kabla ya siku hiyo hakuwa ametengeneza kisu hata kimoja, na ambaye riziki yake ilitoka kwenye machungwa, alipataje wateja wa kumsubiri kwa miezi tisa? Na je, foleni hiyo ilikuwa mali au hasara? Hoja yangu ni kwamba foleni ndiyo iliyokuwa kiini cha biashara hii, kwa maana kila uamuzi mkubwa alioufanya Randall, uwe wa busara au wa kugharimu, ulikuwa jibu la swali moja: maagizo yakizidi mikono, ufanyeje?

Boti iliyokwanguliwa rangi

Randall alizaliwa mwaka 1909 na akakulia Florida, katika Orlando ya mashamba, miaka mingi kabla ya mji huo kujulikana kwa viwanja vya burudani. Familia yake ililima machungwa, naye akawa mkulima wa machungwa. Katikati ya miaka ya 1930 alikuwa mapumzikoni kwenye ziwa Walloon, jimbo la Michigan, alipomwona mtu akikwangua rangi kuukuu kwenye boti kwa kutumia kisu. Anayejua visu anajua kwamba kukwangua rangi ni kazi ya kuua makali: bapa hushikwa karibu wima juu ya mbao, likasukumwa na kuvutwa, likakutana na misumari na mchanga uliogandia, na baada ya nusu saa kisu cha kawaida huwa kimepata mapengo kama meno ya mzee. Kisu kile hakikuwa hivyo. Randall alikitazama, akakitamani, akakinunua kwa mwenyewe.

Aliyekitengeneza alikuwa Bill Scagel, fundi wa Michigan mwenye tabia ya upweke, ambaye mipini yake iliundwa kwa pete za ngozi zilizopangwa moja juu ya nyingine na kumalizwa kwa kipande cha pembe ya kulungu. Randall alirudi Florida na kisu hicho na, kama afanyavyo mtu aliyeshikwa na uraibu, hakutosheka kuwa nacho. Alitaka kujua kimetengenezwaje. Mwaka 1937 alitengeneza cha kwanza chake. Baadaye walijuana na Scagel, na mkono wa mzee huyo unaonekana wazi katika visu vya Orlando, hasa katika ile mipini ya pete za ngozi, ambayo hadi leo ni alama ya karakana hiyo. Visu vya mwanzo viliwafikia jamaa na marafiki, marafiki wakawa na marafiki, na kufikia mwaka 1938 vilikuwa vitu vya kuuzwa.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka, nami nataka kukaa nalo. Randall hakuacha machungwa. Hakukopa, hakuuza shamba, hakutangaza kwamba kuanzia leo yeye ni fundi visu. Shamba lililipa bili za nyumba, na kwa hiyo kisu hakikulazimika kulipa chochote kwa miaka ya mwanzo. Mwenzake wa Maryland, William Moran, ambaye naye alifua visu tangu ujana wake kwenye shamba la familia, alifuata njia nyingine: mwishoni mwa miaka ya 1950 aliuza shamba na kuingia katika visu kwa muda wote. Moran alifanikiwa sana. Ndiye aliyeirudisha Marekani sanaa ya feleji yenye mawimbi, ile ya Dameski, alipoionyesha hadharani mwaka 1973, na mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wafuaji wa visu wa nchi hiyo. Wanaotaka kuacha kazi kwa ajili ya uraibu wao humtaja yeye. Lakini Moran alipouza shamba alikuwa na miaka mingi ya ufuaji nyuma yake, na anayemtaja bila kutaja miaka hiyo anajidanganya.

Faida ya machungwa inaonekana vizuri zaidi mtu akiitazama kazi yenyewe kwa karibu. Bapa likishafuliwa na kupewa umbo, hupashwa moto mpaka liwe jekundu na sumaku isilishike tena, kisha hutumbukizwa katika mafuta. Kwa sekunde hizo chache feleji inabadilika. Inatoka ikiwa ngumu kama kioo, na kama kioo, ikianguka sakafuni inaweza kupasuka vipande viwili. Ndipo hurudishwa kwenye moto mdogo, kiasi cha nyuzi 200 za Selsiasi, kwa saa moja au mbili, mpaka uso wake uliosuguliwa uonyeshe rangi ya majani makavu. Moto huo wa pili hulipunguzia bapa ugumu kidogo na kulipa uvumilivu mwingi. Hatari iko katika yale mafuta. Bapa linaweza kupinda, nalo hunyooshwa. Lakini pia linaweza kutoa mlio mdogo, “ti”, ambao fundi yeyote anaujua na kuuogopa, kwa sababu ni mlio wa ufa. Wakati mwingine ufa huo hauonekani kwa macho. Ukipigwa msasa na kung'arishwa unapotea kabisa, na mteja atakuja kuukuta baada ya mwaka mmoja, porini, akiwa anachinja.

Fundi anayedaiwa ada ya shule ifikapo jioni atakuwa na kishawishi kikubwa cha kuupiga msasa ufa huo. Mwenye machungwa hulitupa bapa na kuanza upya. Sisemi kwamba Randall alikuwa mwadilifu kuliko wengine, kwani sikumjua. Nasema tu kwamba mpangilio wa maisha yake uliufanya uadilifu umgharimu kidogo.

Barua za askari

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoutoa uraibu huu mikononi mwa mwenyewe. Baharia mmoja aliyekuwa akienda vitani alimwomba Randall amtengenezee kisu cha kupigana, imara na chenye bapa refu, ambacho pia kingeweza kufungulia makopo na kukatia kuni. Kutokana na ombi hilo kikazaliwa kisu ambacho katika orodha ya karakana kinaitwa namba 1 hadi leo. Askari mmoja alimwonyesha mwenzake, kikosi kimoja kikaambia kingine, magazeti yakaandika, na maagizo yakaanza kumiminika kutoka kambini na melini. Mmoja wa walioagiza alikuwa kapteni wa jeshi la anga aitwaye Ronald Reagan, ambaye enzi hizo alijulikana kwa filamu na si kwa siasa. Inasimuliwa kwamba barua nyingine ziliandikwa juu ya bahasha “Mtu wa Visu, Orlando, Florida” na bado posta ikazifikisha.

Mtu mwenye biashara changa akisoma hivyo atatamani kuwa Randall. Ninapouchambua wakati ule naona zaidi mtu aliyebanwa. Kila barua ilikuwa na sura ya binadamu ndani yake: kijana anayekwenda kwenye visiwa vya Pasifiki na anayetaka kisu kabla meli haijang'oa nanga. Askari hawezi kuambiwa asubiri miezi tisa. Randall akafanya ambalo wengi wangefanya, akakiagiza kiwanda cha visu cha Northampton, Massachusetts, kimtengenezee mabapa ya kisu namba 1. Yalitoka kwa mkupuo, kama elfu moja hivi, yakiwa na muhuri wenye jina la mji wa Springfield wa jimbo hilohilo, na wakusanyaji wa visu huviita hivyo mpaka sasa: Springfield. Wanavitafuta na kuvithamini kama masalia ya vita, lakini hakuna anayevichanganya na vile vya Orlando. Wanavitenga kwenye meza zao, wanavitenga katika maandishi yao, na wanavitaja kwa jina la mji mwingine.

Nadhani Randall aliliona hilo mapema. Mteja hakuwa akinunua kipande cha feleji chenye inchi saba. Kipande kama hicho kiwanda chochote kingeweza kukitoa, tena kwa bei ya chini. Alikuwa akinunua uhakika kwamba kuna mtu anayejulikana, mahali panapojulikana, aliyekishika kisu hicho mkononi na kukiruhusu kitoke. Uhakika huo haukodishwi kiwandani. Vita vilipokwisha, kazi ilirudi Orlando, na Randall akaajiri mafundi na kuwafundisha mwenyewe badala ya kuwatafuta walio mbali. Miaka ya 1960 baadhi ya mabapa ya feleji isiyoshika kutu yalifuliwa Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, na hiyo inaonyesha kwamba hakuifanya kanuni yake kuwa dini. Hata hivyo visu hivyo vilikamilishwa Orlando, na mlango wa kutokea ulibaki mmoja.

Mitindo ukutani

Neno “kisu cha kuagiza” linawapotosha wengi wanaoanza. Wanadhani maana yake ni kwamba mteja aje na ndoto yake na fundi aifanye. Fundi akikubali, kila kisu kinakuwa mradi mpya wenye mchoro mpya, makosa mapya na mabishano mapya; anatumia siku mbili kufikiri na siku moja kutengeneza, na hawezi kumtoza mteja zile siku mbili kwa sababu mteja hazioni. Nimewaona mafundi wa fani nyingine, wa samani hasa, wakifilisika kwa njia hii huku daftari la maagizo likiwa limejaa.

Randall aliondoka katika mtego huo kwa orodha yenye namba. Kila umbo lilipewa namba yake: namba 1 kisu cha vita, nyingine cha kuchunia, nyingine cha samaki, nyingine cha wapiga mbizi, na kadhalika. Ndani ya namba hiyo mteja alichagua urefu wa bapa, aina ya feleji, kinga ya mkono iwe ya shaba au ya namna nyingine, mpini uwe wa pete za ngozi au wa pembe, na jina lake lichorwe au lisichorwe. Mwenye kuzoea fundi cherehani ataielewa orodha hii mara moja. Ukutani pana picha za mishono, mteja ananyoosha kidole kwenye mmoja na kusema “huu, lakini mikono iwe mirefu na shingo isiwe wazi hivyo”, na fundi anajua tangu mwanzo kitambaa kitakwenda kiasi gani. Nguo ni ya mteja peke yake, na bado fundi ameishona mara mia.

Tena orodha ilikua kwa kusikiliza watumiaji. Mmoja wa wanaanga wa kwanza wa Marekani, Gordon Cooper, alishiriki kubuni kisu kwa ajili ya wenzake wa Mercury, mpango wa kwanza wa Marekani wa kurusha watu angani, nacho kikawa namba 17. Chombo cha mwenzake Gus Grissom, kilichoitwa Liberty Bell 7, kilizama baharini mwezi Julai 1961 mara baada ya kutua, na kilipotolewa mwaka 1999 kutoka kina cha zaidi ya mita 4,500, kisu cha Randall kilikuwamo ndani yake. Mwaka 1963 daktari mmoja wa jeshi aliyekuwa Vietnam alipendekeza kisu chenye mpini wa bomba tupu, ili mtu aliyeangukia msituni awe na nafasi ya kuweka viberiti, dawa na ndoana. Hicho kikawa namba 18.  Watu hawa walieleza shida yao, na karakana ikawa na masikio. Kwa biashara ndogo hiyo ni thamani kubwa, maana mteja anayeandika kwa sababu bapa lilimteleza mkononi anafanya kazi ambayo kampuni kubwa inaajiri watu kuifanya.

Kitu kimoja kilitoka nje ya karakana mapema na bila majuto, nacho ni ala, yaani mfuko wa kutia kisu. Kushona ala ya ngozi ni ufundi kamili wenye vifaa vyake, na Randall aliwaachia washona ngozi: miongoni mwao nyumba ya Heiser ya Denver, baadaye Maurice Johnson, kisha karakana ya Sullivan huko Tampa. Ala zake zilijulikana kwa mfuko mdogo wa mbele wenye jiwe la kunolea, jambo dogo ambalo humwambia mnunuzi kwamba kisu hiki kinatarajiwa kufanya kazi. Kwa nini alikubali ala itoke nje na si bapa? Naona jibu ni kwamba hakuna aliyevuka nchi kwa ajili ya ala. Mwenye karakana anatakiwa ajue ni kitu gani ambacho kikitoka mikononi mwake jina nalo linatoka, na ni kitu gani kinachochukua muda tu. Wengi hushindwa kutofautisha na kushikilia vyote, au huachia kile kisichostahili kuachiwa.

Hesabu ya kusubiri

Turudi kwenye ile miezi tisa. Watu hufikiri foleni ndefu lazima itokane na wateja wengi mno, lakini hesabu yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tuchukue karakana inayomaliza visu vinne kwa wiki na kupokea maagizo sita. Mwenyewe hatashtuka, tofauti ni visu viwili tu, na atajiambia kwamba mwezi ujao atakaza mwendo. Mwaka ukiisha atakuwa na visu 104 ambavyo havijaguswa, yaani kazi ya wiki 26. Baada ya mwaka mmoja na nusu, mteja mpya atasubiri wiki 39, nayo ni miezi tisa kamili. Hapakuwa na siku yoyote ambayo mlango ulivunjwa na umati.

Mtu aliye katika hali hiyo ana njia chache. Anaweza kupandisha bei mpaka maagizo yashuke kufikia visu vinne. Anaweza kuongeza mikono, akijua kwamba kwa mwaka mzima mikono mipya itaharibu feleji na kula muda wa mikono ya zamani. Anaweza kurahisisha kazi, na hapo ndipo ufa unapopigwa msasa. Anaweza kufunga daftari. Ama anaweza kuwaambia watu ukweli na kuwaacha wasubiri.

Randall aliongeza mikono kwa kiasi na kwa yaliyobaki akawaacha watu wasubiri. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki uamuzi huu unaweza kuonekana wa kawaida, kwa sababu sote tumekwisha kusubirishwa na fundi. Tofauti ni kubwa. “Njoo kesho” ya fundi wa mtaani haina tarehe, na kila kesho ikifika mteja anapoteza nauli, heshima na imani. Foleni ya Orlando ilikuwa na mwisho uliotajwa tangu siku ya kwanza, na mtu aliyeambiwa miezi tisa alikuwa na uhuru wa kukataa, kama alivyofanya Loveless. Kusubiri kwenyewe hakumuudhi mtu kiasi hicho. Kinachoudhi ni kudanganywa. Na mtu akishakubali kusubiri, anakisubiri kisu kama anavyosubiri mavuno: anakisimulia kwa rafiki zake kabla hakijafika, na karakana inapata tangazo la miezi tisa bila kulipia.

Lakini foleni inakuja na fedha, na fedha hizo ni hatari. Mteja anayeagiza huacha arubuni. Arubuni za watu 150 zikikusanyika mezani zinafanana sana na faida, na fundi asiye na kipato kingine atazila: atalipa kodi ya karakana, atanunua mashine ya kusagia, atamtibu mtoto. Miezi tisa baadaye anatakiwa atengeneze kisu ambacho fedha yake imekwisha kutumika, naye anahitaji arubuni ya mteja mwingine ili anunue feleji ya huyu wa kwanza. Katika ulimwengu wa visu vya kuagiza hili ndilo lililozika majina mengi mazuri. Wala wengi wao hawakuwa wezi, walikuwa watu waliohesabu deni kama mapato. Machungwa yalimkinga Randall katika hili pia. Asiye na machungwa angefanya vizuri kuchukua arubuni ndogo sana, ya kuthibitisha nia tu, na kuiweka mahali asipoiona.

Aliyekataa kusubiri

Gharama ya foleni ilionekana dukani. Loveless alipomaliza kisu chake alikipeleka palepale Abercrombie & Fitch, na duka likamwagiza vingine. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1960 aliuza huko visu alivyovipa jina la Delaware Maid, na katika miaka hiyo ndivyo vilivyouzwa kuliko visu vingine vyote vya mkono katika duka hilo. Kwa maneno mengine, mteja mmoja ambaye Randall hakuweza kumhudumia alisimama kwenye kaunta ileile akiwauzia wateja wengine walioambiwa miezi tisa.

Loveless hakufuata njia ya Orlando. Randall alifua, Loveless alikuja kujulikana kwa kukata umbo kutoka kwenye bamba la feleji na kulisaga hadi likawa kisu, njia ambayo haimhitaji mtu awe na fuawe na ambayo imewafungulia mlango wengi wanaoanza leo nyumbani. Mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha mafundi visu wa Marekani, na baadaye akakiongoza. Alieneza umbo la kisu cha kuwindia ambalo mgongo wake hushuka taratibu kuelekea ncha, umbo ambalo sasa liko kila mahali, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kutumia feleji ya viwandani iitwayo 154CM, ambayo mafundi wengine wakaifuata. Maagizo yalipomzidi alikuwa na majibu mawili. La kwanza ni bei: visu vyake vikawa ghali, vikatafutwa na wakusanyaji hadi Japani, kiasi kwamba vingi havikuwahi kukata hata kamba. La pili ni kuuza ubunifu peke yake kwa viwanda kama Gerber, Schrade na Beretta, ili mtu wa kawaida apate umbo la Loveless kwa bei ya kiwandani na fundi mwenyewe abaki na visu vichache vya mkono. Alifariki mwaka 2010 mjini Riverside, California, akiwa na jina kubwa na karakana ndogo.

Nani alikuwa sahihi? Wakusanyaji hubishana, nami nina upande wangu. Loveless alipata kilicho haki yake kwa kila kisu, lakini biashara yake ilikuwa ni yeye. Mikono yake ilipochoka, kilichobaki ni jina na michoro. Randall alijenga kitu kinachoweza kurithiwa. Alifariki mwaka 1989, mwanawe Gary akaendeleza, kisha wajukuu, na fuawe ya Orlando haikunyamaza. Ufundi uliogawanywa katika mikono kadhaa na orodha yenye namba unaweza kukabidhiwa kwa mtoto. Ladha ya mtu mmoja haikabidhiki.

Pamoja na hayo naona kosa moja katika hesabu ya Randall, na limedumu kuliko yeye. Bei yake siku zote imekuwa chini ya ile ambayo watu wako tayari kulipa. Foleni ya miezi tisa imekuwa ya miaka kadhaa, na foleni ya namna hiyo ni ushahidi tosha. Najua sababu inayotolewa katika biashara za aina hii: kisu kiwe cha askari na mwindaji, kisiwe cha tajiri peke yake. Sababu hiyo ninaiheshimu. Lakini bei ya chini haimfikishii askari kisu kwa haraka. Inamweka tu mtu mwingine kati yake na karakana. Wafanyabiashara walioandikishwa wana nafasi zao katika foleni, hupokea visu kwa zamu, na mteja asiyetaka kungoja huenda kwao na kulipa zaidi, kisha akaondoka na kisu siku hiyohiyo. Kwenye meza yao unaweza kukuta namba 1 yenye mpini uleule wa pete za ngozi, kinga ileile ya shaba na jiwe lilelile katika mfuko wa ala, sawasawa na kile ambacho mtu mwingine atakipokea kwa posta baada ya miaka yake ya kusubiri. Fedha iliyozidi baina ya visu hivyo viwili haimfikii aliyekifua.